Ichane Ile Ramani ya Stesheni

Kabula mwanangu,

Ile ramani niliyokuchorea Jumapili, yenye mishale ya kalamu nyekundu, ichane. Usisafiri nayo kwenda chuoni Dar. Niliichora kwa kubuni. Zile ngazi nilizoziweka upande wa kushoto sijui kama ziko kushoto, na ule mlango niliouandikia "tokea hapa" ndio mlango ulionipa aibu ambayo mpaka jana sikuwa nimemsimulia mtu.

Umetoka kwenda kusukwa nywele. Mama yako yuko jikoni anakaanga karanga zako za safari. Mimi nimekaa huku nyuma ya nyumba na daftari lako la Jiografia la kidato cha pili, lile lililobaki kurasa nyingi. Bibi yako amekaa mbele yangu kwenye jamvi, anachambua choroko, na anajua ninachoandika. Nilimwomba ruhusa asubuhi kwa sababu habari hii ni yake pia. Alisema, "Mwandikie, lakini usiipambe." Halafu akanipa sharti: kila nikimaliza ukurasa nimsomee kwa Kisukuma. Kwa hiyo ukiona mahali nimekatakata mistari, ujue nimesahihishwa.

Mambo ya chandarua, sabuni, mahali pa kuficha nauli na watu wa kutosimama nao, mama yako ameshayasema, na kesho asubuhi stendi atayasema tena. Mimi nina jambo moja tu, nalo nimelikalia kwa miaka miwili.

Unaikumbuka siku niliyorudi na Bibi kutoka Dar es Salaam? Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na jicho la kulia lilikuwa bado limefunikwa kwa bandeji. Wewe na wadogo zako mlitukimbilia hata hatujashuka vizuri kwenye bajaji, na kabla sijapewa maji ukaniuliza, "Baba, stesheni mpya ikoje?" Nikakaa kwenye kiti, nikaanza. Nilisema kwamba ngazi zinatembea zenyewe, kwamba Bibi aliziogopa, nami nikamshika mkono nikamwambia, "Mayu, funga macho," tukapanda pamoja hadi juu. Kwamba watu walikuwa wanazungukazunguka humo ndani hawajui pa kwenda, lakini mimi nilisoma vibao, nikampeleka moja kwa moja mpaka kwenye kiti chake cha dirishani. Mlinisikiliza midomo wazi. Wewe ulinitazama kwa namna ambayo baba yeyote angependa kutazamwa na mtoto wake. Bibi alikuwa pembeni anakunywa uji, hakusema neno.

Katika hadithi hiyo, la kweli ni kwamba ngazi zinatembea. Basi.

Ilikuwa hivi. Daktari alituambia Bibi asitingishwe sana mpaka jicho lipone. Kwenda tulikwenda na basi, na mtikisiko wake unaujua. Binamu yangu Yosefu, aliyetuhifadhi kule Mbagala, akashauri turudi na treni ya umeme mpaka Dodoma, halafu basi kutoka pale, angalau nusu ya safari iwe laini. Akatukatia tiketi, akatuleta hadi mbele ya stesheni asubuhi. Akasema, "Kaka, niwaingize mpaka ndani?"

Nikamjibu, "Kwani mimi mtoto?"

Hapo ndipo nilipoanza kupotea, ingawa nilikuwa bado nimesimama mahali ninapopajua.

Mimi stesheni niliyokuwa naijua ni ya Isaka. Pale ukishuka kwenye behewa unaiona yote, mwanzo na mwisho, na wanaouza mayai unawajua kwa majina. Nilidhani ya Dar itakuwa Isaka iliyonenepa. Tulipoingia, Kabula, nilihisi shingo inataka kunivunjika kwa kutazama juu. Kioo kila mahali. Baridi ya mashine. Watu wanakatiza mbele yako na masanduku ya magurudumu, kila mmoja kama anajua aendako, na sauti ya mwanamke inatangaza kutoka darini, inamaliza kabla hujaelewa imeanza kusema nini. Sakafu ilikuwa inang'aa hivi kwamba Bibi alipandisha kitenge chake kidogo, kama mtu anayevuka maji.

Pale mlangoni tulionyesha tiketi na vitambulisho, tukapitisha mizigo kwenye mashine ya ukaguzi. Unatakiwa utoe kila kitu mfukoni. Upande wa pili watu walikuwa wananisukuma kwa nyuma, sikutaka waone nasuasua, nikakusanya simu yangu na tiketi zote mbili, nikavitumbukiza kwenye kikapu cha Bibi. "Shika, Mayu." Mfukoni nikabaki na kitambulisho na pochi. Wala sikufikiria mara mbili.

Tukafika kwenye ngazi za umeme. Niliona kijana mmoja mbele yangu amekanyaga kama anakanyaga sakafu ya kwao, nami nikakanyaga. Nilidhani Bibi yuko nyuma yangu. Nilipogeuka, nilimwona amesimama chini, kikapu mkononi, jicho moja limefungwa, na mimi naondoka. Sikuwa natembea, Kabula, nilikuwa nimesimama wima na bado naondoka. Anazidi kuwa mdogo. Nikaita, "Mayu, njoo!" Akanitazama tu. Nikafika juu.

Nilikuwa nimeandika hapa kwamba nilipofika juu nilikimbia kutafuta njia ya kushuka. Bibi amekataa. Anasema aliniona kwa jicho lake moja vizuri sana, sikukimbia, nilitembea "kama bwana shamba anayekagua shamba la mtu mwingine". Ni kweli. Palikuwa na dada mwenye sare amesimama hatua chache kutoka kwangu. Ningemwambia, "Dada, mama yangu yuko chini, nishuke wapi?" angenionyesha kwa kidole. Nilimpita. Nilitengeneza uso wa mtu mwenye shughuli, nikawafuata watu waliokuwa wanateremka na masanduku upande wa mbali, nikijua ngazi zile zitanirudisha alipo Bibi.

Wale watu walikuwa wameshuka kwenye treni. Walikuwa wanatoka. Mlango ukajifungua wenyewe, nikakuta jua limenipiga usoni, niko barabarani, upande ambao sikuingilia. Nikageuka haraka. Mlinzi, kijana wa rika la mjomba wako mdogo, akanizuia kwa heshima.

"Shikamoo, mzee. Huku ni pa kutokea tu."

"Marahaba. Nimetoka humo sasa hivi."

"Nimekuona, mzee. Kuingia ni mlango wa mbele, na tiketi yako."

"Tiketi anayo mama yangu."

"Mama yuko wapi?"

"Yuko ndani."

"Ndani sehemu gani?"

Nikachungulia kupitia kioo. Yule kijana akanisogelea kidogo, akapunguza sauti ili wanaopita wasisikie. "Mzee, hili jambo dogo. Nipe jina la mama, atangazwe kwenye kipaza sauti, atapatikana dakika hii hii."

Nakuandikia jibu langu kama nilivyolitoa. Nilisema, "Mama yangu hawezi kupotea. Na hii stesheni mimi naijua."

Nilikuwa nimeshaisikia ile sauti ya darini kichwani mwangu, ikiwaambia watu wote kwamba mwanaume mzima kutoka Kahama amempoteza mama yake mzazi. Nikafikiri, huenda humo ndani yuko mtu anayenifahamu. Mama yangu yuko peke yake, haoni vizuri, Kiswahili chake ni cha kusalimia na kununua chumvi, na mimi nawaza watu watanionaje. Nimejitahidi miaka hii miwili kuyapanga mawazo yale yaonekane vingine, yamekataa.

Nikalizunguka lile jengo kwa miguu, juani. Ni refu. Nilipofika mlango wa mbele nikajaribu kupita nikiwa nimekaza uso, nikaulizwa tiketi. Nikasema naifuata ndani. Nikaambiwa nisubiri. Nikasubiri, nikajifanya nasoma kibao cha ratiba, mpaka nikasikia yule wa darini anataja Dodoma na kusema abiria wa mwisho. Nikamwendea mlinzi wa pale, mama wa makamo, nikamwambia, "Nimempoteza mama yangu."

Hakucheka. Alinishika kiwiko, akanipitisha, akanipeleka mbio mpaka kwenye meza ya maulizo. Pale alikuwepo binti mmoja, kwa umri angeweza kuwa dada yako. "Shikamoo, baba. Jina la mama?" Nikampa lililoko kwenye kitambulisho. Akatangaza mara mbili. Watu wakaendelea na safari zao. Ndipo nikakumbuka kwamba hakuna mtu aliyewahi kumwita mama yangu kwa jina lile. Kwa lile jina anaitwa kliniki tu, na hata huko huwa anabaki amekaa mpaka mtu amguse bega.

"Wewe unamwitaje, baba?"

"Mayu."

"Mayu?"

"Ndiyo. Ndiyo mama, kwetu Kahama. Mimi ni Shija."

Akasogeza mdomo kwenye kipaza sauti, na kwa lafudhi yake ya pwani akasema, "Mayu kutoka Kahama. Mayu, mama yake Shija. Mwanao Shija anakungoja kwenye meza ya maulizo."

Kabula, ukumbi mzima! Kila Msukuma aliyekuwa mle ndani alinyanyua kichwa. Mzee mmoja mwenye kofia ya kijani alikuja anacheka, "Shija ni wewe? Mwadila!" Nikamjibu salamu yake, na kabla sijamaliza kumweleza akawa ameshamwita mke wake na vijana wawili wa Maswa wasiojuana naye, wakagawana, huyu vyooni, huyu kwenye viti, huyu nje. Ile aibu niliyoiogopa ilikuwa imekuja, na kumbe ilikuwa watu wanne wasionifahamu wanamtafuta mama yangu.

Hawakumpata. Treni ya umeme haiondoki kwa kelele. Niliona tu kwenye kibao, jina la Dodoma limefutika.

Yule binti akaniuliza kama mama ana simu. Nikamwambia simu ni yangu, iko kwenye kikapu chake, na sauti nimeizima tangu hospitali. Akapiga hivyo hivyo. Akapiga tena. Alikuwa anawahudumia wengine kwa mkono mmoja, mkono mwingine anapiga. Sikumbuki ilikuwa mara ya ngapi ilipopokelewa. Akanipa. Ilikuwa sauti ya mwanamke nisiyemjua.

"Haloo? Nimeona mwanga kwenye kikapu. Huyu mama mwenye bandeji ni wako?"

"Ni wangu! Yuko wapi?"

"Tumekaa naye hapa, tumeshaipita Pugu. Anakuulizia kwa kila anayepita. Ngoja nimpe."

Bibi akaja kwenye simu na Kisukuma chake, anapiga kelele kama ilivyo kawaida yake. "Shija! Uko behewa gani?"

"Mayu, mimi simo."

"Uko wapi?"

"Niko stesheni."

Halafu akasema, "Bado?"

Nimemsomea hapo, amecheka mpaka choroko zimemwagika.

Nilikaa chini sakafuni, mbele ya ile meza. Baadaye ndipo Bibi alinieleza alivyofika. Aliniona napanda juu, akajua nimetangulia kwenye treni, kwa sababu mtu anayejua njia ndiye anayetangulia. Akasimama palepale. Mama mmoja anayefanya usafi akamwona, akamsalimia, akamwuliza anakwenda wapi. Bibi hakujifanya chochote. Akatoa karatasi zote kwenye kikapu, akamkabidhi, akasema maneno aliyokuwa nayo: "Mwanangu juu." Yule mama akasoma tiketi, akamwingiza kwenye lifti, akamkabidhi kwa mhudumu, mhudumu akamkalisha kwenye kiti chake. Ilichukua muda mfupi kuliko mimi kulizunguka lile jengo.

Nilinunua tiketi ya treni iliyofuata. Yule mzee wa kofia ya kijani na mkewe walikuwa wanasafiri nayo, wakakaa nami, na kila baada ya muda mzee alikuwa ananiambia, "Atakuwa ameshakula huyo." Mimi nilitazama dirishani mpaka Dodoma na sikuona chochote. Nilikuwa nawaza: akishuka peke yake? Akitoka nje ya geti, akapanda gari la mtu? Yule mama wa kwenye simu alikuwa ameniahidi atangoja naye, lakini mimi mwenyewe nilikuwa nimeahidi mengi asubuhi ile.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama tulipofika. Nikapita watu wote. Bibi alikuwa ukumbini kwenye kiti, amevua viatu, kikapu mapajani, na pembeni yake mwanamke mnene aliyevaa gauni la zambarau. Ndugu zake yule mwanamke walikuwa wamekuja kumchukua muda mrefu, akawaambia haondoki mpaka amwone huyo Shija kwa macho. Bibi alikuwa anamfundisha salamu za Kisukuma. Nilipiga magoti mbele yake.

Akaniuliza, "Umekula?"

Yule mama wa gauni la zambarau akasema "Wabeja", yaani asante, kwa lafudhi mbovu kabisa, akatuaga, akaenda zake. Jina lake sikumwuliza. Hata hilo nilishindwa.

Kesho yake kwenye basi la kuja huku, tulipokaribia Singida, nikamwuliza Bibi, "Mayu, nyumbani tutasemaje?" Akasema, "Sema unavyotaka wewe. Mimi nilifika." Nami nikasema nilivyotaka. Uliyasikia.

Sasa uongo huo haukukaa nyumbani. Wadogo zako waliupeleka shuleni, mama yako akaupeleka jumuiya, na baada ya mwezi mmoja nilikuwa nimekuwa mtaalamu wa stesheni. Mtu akitaka kwenda Dar anaambiwa, mwone kwanza Baba Kabula. Wanakuja na pikipiki zao kibandani kwangu nikaze mnyororo, huku nawaelekeza milango. Baba Elias wa mashine ya kukoboa mpunga alipokwenda kwa ajili ya vipuri, nilimwelekeza kwa nusu saa, na kwa kuwa sikujua kwamba ile stesheni ya zamani na hii mpya ni majengo mawili tofauti, nilimwambia, "Ukisema stesheni, kila mtu anaijua, huwezi kukosea." Wakati wa kurudi akapelekwa ya zamani. Treni ikamwacha. Aliporudi nilimwambia labda wamebadilisha utaratibu.

Nimejiuliza tabia hii niliitoa wapi. Nadhani niliitoa machimboni. Nilikwenda upande wa Geita nikiwa mdogo kuliko wewe, kabla sijamjua mama yako. Kule mgeni anajulikana kwa kuuliza. Siku ya kwanza niliuliza wanalipaje, wakacheka. Siku ya pili niliuliza jiwe lenye dhahabu linafananaje, mtu mmoja akaniuzia jiwe linalometameta, nikalala nalo wiki nzima, kumbe ni bure. Nikaapa sitauliza tena. Siku nilipoambiwa niingie duarani, lile shimo refu la kuchimbia, nikaulizwa kama nimeshawahi kushuka na kamba, nikasema, "Sana tu." Nilishuka hatua tatu, kiganja kikachunika chote, nikaning'inia kwa mkono mmoja mpaka waliponivuta. Lile kovu uliloniuliza ukiwa mdogo nikakwambia ni moto, ni la kamba. Miaka minne nilikaa kule, nikajifunza kuuficha ugeni wangu vizuri kiasi kwamba nilipoondoka niliondoka nao, nikaoa nao, nikalea nao watoto.

Wewe hujawa hivyo. Ulipokuwa darasa la kwanza mwalimu wako alituita, akalalamika kwamba unauliza mno. Nilikuja nyumbani nikakugombeza. Nilikwambia mtoto mwenye akili husikiliza. Kwa muda ukanyamaza kabisa darasani, na mwalimu akafurahi, na mimi nikafurahi. Ashukuriwe Mungu hukudumu. Lakini nataka ujue kwamba nalikumbuka, na kwamba nilikosea.

Jumapili ulipokuja na karatasi, ukasema, "Baba nichoree," ningeweza kukwambia. Mama yako alikuwepo, wadogo zako walikuwepo, nikachukua kalamu nyekundu. Ulipoikunja ukaiweka kwenye bahasha ya vyeti vyako, ulisema, "Kama umeichora wewe, siwezi kupotea." Nilimpeleka mama yangu nikiwa sijui, sasa nakupeleka wewe kwa karatasi.

Kwa hiyo jana nilianza na Baba Elias. Nilimkuta mashineni, vumbi la pumba limemjaa nyusi. Nikamwambia yote, nikipaza sauti kushinda mashine. Alizima mashine ili acheke vizuri.

"Shija, mimi nilijua siku ile ile," akasema. "Nilipofika pale nikamwuliza mama muuza maji, akaniambia, baba, hapa siyo, vuka kule. Nikajua rafiki yangu hajui kitu. Lakini ulikuwa umeieleza vizuri! Nikaona nisikuharibie."

"Na hukunisema?"

"Nikuseme kwa lipi? Na mimi nilipofika nyumbani nilisema treni iliharibika."

Tulicheka wote wawili mpaka wateja wakadhani tumelewa.

Haya. Ninachokijua mimi kuhusu stesheni ile ni kidogo sana, nakupa chote. Tiketi na simu vikae mwilini mwako, usimpe mtu, hata awe mama yako. Ukiingia, jitenge pembeni kidogo, usimame, uache watu wapite; hakuna anayekutazama, mimi nilidhani wananitazama wote. Waliovaa sare wamewekwa pale kwa ajili ya watu kama sisi. Wengine watakuwa wamechoka, watakujibu mkato, mwulize mwingine. Na mtu akikwambia kwa haraka "pale pale mbele", mwambie hujaelewa. Useme tu hivyo, "Sijaelewa." Utaona dunia haianguki. Yale mengine, ngazi ziko wapi na mlango uko wapi, utayaona wewe mwenyewe keshokutwa treni ikikufikisha Dar, na utayaona kwa usahihi kuliko mimi.

Nimemsomea Bibi mpaka hapo. Nikamwuliza kama nimeipamba. Akasema hapana, ila nimesahau kitu kimoja. Nikamwuliza kitu gani.

Akasema, "Hukuandika kwamba nilifurahi."

Sikumwelewa. Akaweka ungo chini. Akaniambia kwamba alitolewa kwa baba yake kule Ushetu akiwa binti mdogo, akapelekwa kwa mume huku anashikwa mkono na shangazi. Sokoni alikwenda na mume. Kliniki alikwenda na mama mkwe. Dar alikwenda na mimi. Maisha yake yote, asubuhi ile ndiyo mara ya kwanza alikaa kwenye chombo kinachokwenda mbali na hakuna mtu wa kwao pembeni. "Mwanzoni niliogopa," akasema. "Halafu yule mama akanisogeza dirishani. Nikaona milima inakuja, inapita. Nikajisemea, Shija akija ataanza kunieleza ile ni nini na ile ni nini. Asije kwanza."

Miaka miwili, Kabula, nimekuwa nikimwonea huruma kwa siku ile. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Ulikuwa unasimulia yako. Na yangu nilikuwa naipenda ikiwa kimya." Kisha akarudi kwenye choroko zake, akaniagiza nikuandikie kwamba kiti cha dirishani ni kizuri, na kwamba usilale njiani, utazame.

Nasikia sauti yako getini, unaongea na mama yako kuhusu nywele. Nitaikunja barua hii niitie kwenye mfuko wa pembeni wa begi, uisome basi likishaanza kutembea, maana ukiisoma mbele yangu nitaanza kujitetea. Nilitaka nikusindikize mpaka Dodoma, utakakopandia treni. Mama yako alikataa, nikanuna siku mbili. Sasa naona alikuwa sahihi. Kesho nitaishia pale stendi, nitakupungia mkono, nitarudi kibandani kufanya kazi.

Mungu akipenda, mwezi wa kumi na mbili nitakuja kukuona chuoni. Nitapanda treni hiyo hiyo. Nitashuka, nitasimama palepale nitakaposhukia na mfuko wangu, sitasogea hata hatua moja kumfuata mtu. Utanikuta hapo. Nami nitakuuliza, bila haya na mbele ya watu wote, tunatokea wapi.

Nakuombea safari yenye afya na watu wema njiani.

Baba yako anayekupenda,
Shija